Muybridge: Aliua, akaachiwa huru, kisha kamera zake zikafichua siri ya farasi

Farasi anachechemea, ila kidogo sana. Mwenyewe anasema tatizo ni mguu wa mbele, anayemfundisha anasema ni wa nyuma. Hata madaktari wazoefu wa mifugo hupishana hapa. Sababu ni moja: jicho la binadamu halina kasi ya kutosha.

Wa kwanza kulithibitisha hilo waziwazi hakuwa daktari. Alikuwa mpiga picha mwenye maisha ya vurugu, Eadweard Muybridge.

Alizaliwa Kingston upon Thames, Uingereza, mwaka 1830, akiitwa Edward Muggeridge. Akahamia Marekani na kuuza vitabu San Francisco. Mwaka 1860 gari la farasi alilopanda lilipata ajali Texas, akaumia vibaya kichwani. Alipopona akageukia kamera.

Mwaka 1872 tajiri wa reli Leland Stanford, aliyewahi kuwa gavana wa California, alimpa kazi ngumu. Je, farasi akikimbia, kuna wakati kwato zote nne zinakuwa hewani? Watu walibishana miaka mingi, hakuna aliyeweza kuona.

Picha za mwanzo hazikumaliza ubishi. Halafu mambo yakaharibika. Oktoba 1874, Muybridge aligundua uhusiano wa mkewe Flora na mwanamume aitwaye Harry Larkyns. Akamfuata, akampiga risasi, akamuua. Mawakili wake walidai ajali ile ilimvuruga akili. Jopo la raia waliosikiliza kesi halikukubali kwamba ni kichaa, lakini mwaka 1875 likamwachia huru likiona alikuwa na haki ya kuua. Ndiyo, hivyo hivyo.

Juni 1878 alikuwa Palo Alto, kwenye shamba la Stanford. Alipanga kamera 12 kando ya njia na kutandaza nyuzi. Farasi jike Sallie Gardner akapita shoti, na kila uzi alioukata ukafyatua kamera yake.

Jibu likapatikana: kwato zote huinuka. Lakini si wakati miguu imenyooshwa mbele na nyuma kama wachoraji walivyozoea kuchora, bali inapokunjwa chini ya tumbo. Yaani karne nzima za michoro zilikosea!

Furaha haikudumu. Mwaka 1882 Stanford alitoa kitabu kuhusu kazi ile bila kumpa Muybridge heshima yake. Akashtaki, akashindwa.

Hakukata tamaa. Akahamia Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na mwaka 1887 akatoa kurasa 781 za picha za wanyama na watu wakiwa kwenye mwendo. Huko daktari wa mishipa ya fahamu, Francis Dercum, alimletea wagonjwa wenye matatizo ya kutembea. Mwendo uliokatwa vipande ukaanza kutumika kusoma ugonjwa.

Leo, daktari mwenye farasi anayechechemea kidogo anafuata njia hiyo hiyo. Anamtazama akienda mchakamchaka, maana hapo miguu hukanyaga kwa jozi na tofauti hujitokeza. Mguu wa mbele unaouma ukigusa chini, farasi hunyanyua kichwa ili kuupunguzia uzito. Kama haonekani vizuri, anarekodi video na kuirudisha polepole, au anamfunga vifaa vidogo vya kupima mwendo kichwani na kiunoni.

Akishajua ni mguu upi, kazi bado. Anadunga ganzi kuanzia chini karibu na kwato, kisha anapanda juu hatua kwa hatua. Pale farasi anapoacha kuchechemea ndipo maumivu yalipo. Baada ya hapo ndipo eksirei ina maana.

Muybridge alirudi Kingston na kufariki mwaka 1904. Hakutibu farasi hata mmoja. Ila farasi hawezi kusema panapouma, na kamera ilimpa namna ya kusikilizwa.