Rabi aliyeisomea stima kabla ya kuitolea hukumu

Wewe ukibonyeza swichi ya stima Jumamosi asubuhi huwazi kitu. Ukiwaza sana, ni kama tokeni zitafika jioni. Sasa hebu jiweke katika viatu vya Myahudi anayeshika Sabato mjini Jerusalem miaka ya 1930. Torati, kwenye Kutoka sura ya 35, inamkataza kuwasha moto siku hiyo. Stima ndiyo hiyo imeingia majumbani. Je, swichi ni moto? Musa hakuacha jibu, na Talmudi ilikamilika karne nyingi kabla mtu hajaota habari ya waya.

Jamaa aliyelivaa swali hilo anaitwa Shlomo Zalman Auerbach. Alizaliwa Jerusalem mwaka wa 1910, Waturuki wakiwa bado wanatawala, na mwaka wa 1935 akatoa kitabu kizima kuhusu stima na sheria ya Kiyahudi, Me'orei Esh. Alikuwa na miaka 25 tu. Chuo kikuu hakukanyaga, lakini sisi tulioacha chuo njiani tusikimbilie kujipiga kifua, maana huyu alikesha na vitabu tangu utotoni.

Kilichonivutia ni jinsi alivyofanya kazi. Kabla ya kusema haramu au halali, alitaka kwanza kujua kitu chenyewe kinafanyaje kazi ndani. Chukua balbu ya zamani, ile yenye kawaya kembamba kanakowaka. Kawaya kanapata moto hadi kanang'aa, na sheria ya kale tayari ilikuwa imezungumzia chuma kilichochomwa kikawa chekundu. Basi hiyo haina mjadala, ni marufuku. Lakini feni je? Haiwaki, haimuliki. Hapo alichimba na kuchimba, na hakupata katazo la Torati lenye nguvu.

Mwenzake mkubwa kwa umri, aliyejulikana kama Chazon Ish, alisema kuunganisha mkondo wa umeme ni kama kujenga, na kujenga ni kazi iliyokatazwa Sabato. Auerbach hakukubali. Kwani mlango unaofungwa na kufunguliwa kutwa, kila ukifungwa umejenga nyumba? Hata hivyo hakuwaambia watu wawashe feni. Desturi ya kujizuia ilikuwa imeshika, akaiheshimu. Ila ukijua kwamba katazo ni la desturi, na si la Torati yenyewe, mgonjwa anapokuwa na shida unapata mahali pa kulegeza.

Usidhani basi kwamba alikuwa wa kulegeza tu. Kila mwaka kwenye sikukuu ya Purim, Myahudi analazimika kusikia kitabu cha Esta kikisomwa, na Mwaka Mpya wao ukifika, asikie baragumu ya pembe. Watu wakauliza: nikisikia kupitia maikrofoni, nimetimiza? Auerbach akafuatilia sauti inavyosafiri. Inaingia kwenye maikrofoni, inageuka umeme, kisha umeme unatikisa spika na kutoa sauti nyingine mpya. Ile ya msomaji imeishia kule mwanzo. Kwa hiyo hujatimiza. Na kifaa anachovaa mzee asiyesikia vizuri? Kazi yake ni ileile, jibu ni lilelile.

Fikiria uzito wake, msomaji. Ni mzee aliyesikia Esta kila mwaka tangu akiwa mtoto, na sasa anaambiwa haihesabiki. Auerbach mwenyewe aliandika kwamba jibu hilo linamuuma. Chazon Ish, yuleyule mkali wa stima, ndiye aliyeona huenda kuna njia ya kuruhusu, na kule New York Rabi Moshe Feinstein alielekea upande huo pia. Auerbach aliyaandika maoni ya Chazon Ish, lakini yeye hakuona namna ya kuyakubali.

Kuanzia 1949 aliongoza chuo cha dini cha Kol Torah, na madaktari wakawa wanabisha hodi kwake. Swali zito kuliko yote lilikuwa hili: mtu ambaye ubongo umekufa lakini moyo unadunda kwa mashine, ni maiti au yu hai? Kuna mgonjwa mwingine anausubiri moyo huo. Talmudi inasema mjamzito akifa kifo cha kawaida, mtoto hutangulia kufa. Na kuna wanawake waliokufa ubongo ambao mimba ziliendelea kukua. Si basi wako hai?

Ili kupima hoja hiyo, mwaka wa 1992 wataalamu walimkata kichwa kondoo mwenye mimba, wakamweka kwenye mashine ya kupumua. Kisheria, aliyekatwa kichwa amekufa, hakuna ubishi. Moyo ukaendelea kudunda, na mwanakondoo akatolewa kwa upasuaji akiwa hai. Rabi wa miaka zaidi ya 80 akakubali: ile hoja ya Talmudi haithibitishi kwamba mama yu hai. Lakini shaka yake kuhusu kifo cha ubongo haikuisha, na penye shaka ya uhai hakuruhusu moyo utolewe ukiwa bado unadunda.

Alifariki Februari 1995. Mamia ya maelfu ya watu walijaa barabara za Jerusalem kumzika, na mabishano kuhusu ubongo na moyo yanaendelea kati ya marabi mpaka leo.