Sam Ntiro, balozi aliyechora migomba

Leo nawaletea mzee mmoja ambaye vijana wengi hatumjui: Sam Ntiro, mchoraji wa milimani.

Alizaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Miaka ya 1940 akaenda Makerere, Uganda, kwenye shule ya sanaa aliyoianzisha mama wa Kiingereza, Margaret Trowell. Huyo mama aliwataka wanafunzi wachore maisha ya kwao, wasiige Ulaya. Ntiro akalishika hilo maisha yake yote.

Mwaka 1952 akapanda meli ya elimu tena, safari hii chuo cha Slade, London, mpaka 1955. Mtu ungetegemea arudi na picha za madaraja na mvua za Uingereza. Wapi! Jamaa aliendelea na migomba, ng'ombe na mavuno ya kwao. Mwaka 1953 kikatoka pia kitabu chake cha Kiswahili, Desturi za Wachagga. Na picha yake ya 1956, ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, iko New York, kwenye jumba la Museum of Modern Art. Pombe ya kijijini imefika mbali hivyo!

Uhuru ulipokuja 1961, akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika Uingereza, hadi 1964. Baadaye alifundisha sanaa na kushika nyadhifa za utamaduni serikalini. Alifariki 1993.

Sasa utamu wenyewe. Kwenye picha za Ntiro watu ni wadogo, wako wengi, na sura zao huzitambui. Wapo walioona anachora kama mtoto. Mimi naona alijua anachofanya. Ukichora kijiji kizima kinavuna pamoja, pua ya mtu mmoja ina kazi gani? Miti, vilima na watu vyote vinapata haki sawa.

Hilo ndo linanifanya niwaze Uluguru yetu. Kila mtu mjini hapa anaipiga picha kwa simu: ukungu juu ya Bondwa, kijani, basi. Kina mama wanaoshusha ndizi kutoka Kinole hawamo. Wakulima wa Mgeta na matuta yao ya mboga hawamo. Halafu tukikaa kujadili vyanzo vya maji, maana Mto Ruvu unaoinywesha Dar unaanzia huko, tunaongea kama vile mlima hauna wenyewe. Mlima usio na watu kwenye picha ni rahisi kuusahau una watu.

Ntiro aliwachora watu wa mlima wake akiwa hata London, mbali kabisa nao. Sisi wa kwetu tunawaona kila siku sokoni.

Haya wadau, nani ataanza? Penseli na karatasi havihitaji visa.