Maisha ya Abu Ali Ibn Sina na Alichokifahamu Kuhusu Ubongo



Ndugu yetu mmoja, mtu wa Pemba anayefanya biashara Sumbawanga, ametuletea suali. Mwanawe wa miaka tisa huanguka, hukakamaa na kutoka povu. Siku nyengine haanguki. Huganda tu kwa muda mfupi, macho wazi, kisha huendelea na alichokuwa akifanya kama kwamba hapakuwa na kitu. Chuoni ameshapigwa bakora kwa kuduwaa namna hiyo. Jamaa wa Pemba wanasema kijana kapigwa, na ushahidi wao ni jina la mji anaokaa. Baba anauliza ampeleke hospitali au amrejeshe kisiwani asomewe.

Kuhusu jina la mji, Wafipa wenyewe husema maana yake ni tupa uchawi. Ni mji unaomwambia anayeingia auache uchawi nje, na sisi wa pwani tumeligeuza jina hilo likawa la kuogopewa. Ama kuhusu mtoto, nimeona nieleze maisha ya mtu aliyeishi miaka elfu iliyopita, kwa sababu suali hilihili lilimfikia na jibu lake bado linafaa.

Abu Ali al-Husayn bin Abdillah Ibn Sina alizaliwa mwaka 370 Hijria, sawa na 980 Miladia, katika kijiji cha Afshana karibu na Bukhara, nchi iitwayo leo Uzbekistan. Baba yake alitoka Balkh na alikuwa mtumishi wa utawala wa Wasamani. Mama yake alikuwa wa hapo hapo Afshana. Walipohamia Bukhara mtoto akatiwa chuoni, na alipofika miaka kumi alikuwa ameshaihifadhi Qur-ani. Hesabu za Kihindi alijifunza kwa muuza mboga, fiqhi kwa sheikh aitwaye Ismail az-Zahid, na mantiki kwa an-Natili, ambaye mwanafunzi alimpita upesi. Akageukia utabibu na kuuona mwepesi, na alipokuwa na miaka kumi na sita matabibu walikuwa wakija kusoma kwake.

Hayo tunayajua kwa sababu alimsimulia mwanafunzi wake, al-Juzjani, na mwanafunzi akaendeleza habari mpaka mwisho. Ndani yake Ibn Sina anaeleza kwamba akikwama kwenye mas-ala alikwenda msikitini, akaswali na kumuomba Mola wake mpaka yakamfungukia. Anaeleza pia kwamba kitabu cha Aristotle cha mambo yaliyo nyuma ya maumbile alikisoma mara arubaini asikifahamu, mpaka siku moja sokoni dalali akamshikilia anunue kijitabu cha al-Farabi kwa dirhamu tatu. Alikinunua bila ya hamu, akakisoma usiku ule, na kesho yake akatoa sadaka kwa furaha.

Amiri wa Bukhara, Nuh bin Mansur, alipougua, kijana huyu aliitwa pamoja na matabibu wakubwa. Malipo aliyoyaomba ni ruhusa ya kuingia maktaba ya ufalme, yenye vyumba na masanduku ya vitabu, kila chumba kwa fani yake.

Baba alifariki, utawala wa Wasamani ukaanguka, na tangu hapo maisha yake yakawa ya safari: Gurganj, Jurjan, Rayy, kisha Hamadan. Huko Hamadan alikuwa waziri wa Shams ad-Dawla. Askari wakaasi, wakapora nyumba yake na kutaka auawe, naye akajificha siku arubaini katika nyumba ya rafiki yake. Amiri akashikwa tena na maradhi ya tumbo, akamtafuta tabibu wake na kumuomba radhi, na uwaziri ukarudi. Mchana alitumikia dola, usiku alisomesha, kitabu cha ash-Shifa na kitabu cha al-Qanun kwa zamu. Al-Juzjani hakuficha kwamba baada ya darsa vililetwa vinywaji na waimbaji, na sisi hatuna haja ya kumtetea kwa hilo.

Ndani ya al-Qanun ndipo lilipo jibu la ndugu yetu, na hapa nitatua kidogo.

Ibn Sina alifundisha, akiwafuata matabibu wa Kiyunani na kuwazidi, kwamba ubongo una vyumba vitatu. Katika chumba cha mbele hukusanyika habari za macho, masikio, pua, ulimi na ngozi zikawa kitu kimoja, na picha zake huwekwa. Mfano wake ni nukta inayozungushwa kwa kasi ikaonekana duara. Watoto wetu wameuona kwa kijinga cha moto gizani. Jicho haliwezi kuona duara hilo, kwa sababu kila mara moto uko pahala pamoja tu. Kwa hiyo, alisema, kuna kitu ndani kinachoshika kilichopita na kukiunga na kilichopo. Chumba cha kati ni cha kufikiri na kupima, na ndicho kinachomfanya kondoo amkimbie mbwa mwitu hata akiwa hajawahi kuumwa naye. Chumba cha nyuma ni cha kumbukumbu. Akataja pia kwamba kichwa kikipata jeraha au maradhi, pengine huharibika nguvu moja na nyengine ikabaki salama.

Je, alikuwa sahihi? Kuhusu vyumba, hapana. Matundu aliyoyataja yapo lakini yamejaa maji, na kazi hufanywa na nyama inayoyazunguka, yenye chembe za neva zipatazo bilioni 86. Alidhani kinachopita katika neva ni mvuke laini, na leo inajulikana ni mshituko wa umeme, ambao katika neva za kasi kabisa hufika karibu mita 100 kwa sekunde, kisha kemikali huurusha kutoka chembe moja hadi ya pili. Kuona hutengenezwa kisogoni na wala si mbele. Kumbukumbu mpya hutegemea sehemu iliyojikunja ndani, usawa wa masikio. Mwaka 1953 mgonjwa mmoja wa kifafa huko Marekani aliondolewa sehemu hiyo pande zote mbili, na tangu siku hiyo hakuweza kuweka jambo jipya kichwani, ingawa utoto wake aliukumbuka. Na khofu ya yule kondoo ina pahala pake, kipande chenye umbo la lozi. Ramani ya Ibn Sina imefutwa, lakini wazo lake kwamba kila kazi ya nafsi ina njia yake ndani ya ubongo, na kwamba njia hiyo huweza kuugua peke yake, limebaki.

Mtoto anaporudia sura chuoni, chembe zinazowaka pamoja huimarisha viungo baina yao, na kila anaporudia njia huwa nyepesi zaidi, kama ujia wa miguu kondeni. Basi fikirini chuo kilichojaa watoto, kila mmoja akisoma darsa yake. Ndivyo ubongo ulivyo siku zote, zogo lenye mpangilio. Kifafa ni pale watoto wote wanapopiga ukelele wa neno moja kwa pamoja. Hakuna anayesoma na hakuna anayesikia. Likienea ubongo mzima mwili huanguka. Katika aina ile ya kuduwaa, mawimbi hupiga kiasi cha mara tatu kila sekunde, mtoto hukatika na dunia, kisha hurudi akakuta aya imeshapita. Walimu wenzangu wa vyuo, huyo si mtukutu. Bakora juu yake ni dhulma.

Tunarudi kwenye Qanun. Ibn Sina alieleza kifafa kuwa ni kizuizi ndani ya ubongo, mara nyengine kwa ila ya ubongo wenyewe na mara nyengine kwa ila inayopanda kutoka kiungo chengine kama tumbo. Na alipofika kwenye maradhi ya huzuni nyeusi akataja kwamba kuna wanaosema yanatokana na majini. Hakuwakejeli wala hakubishana nao. Alisema kwamba tabibu, kwa kuwa ni tabibu, halimshughulishi hilo. Kama jini ndiye sababu, basi amefanya kazi yake kwa kuubadilisha mwili, na mabadiliko hayo ya mwili ndiyo sababu ya karibu. Tabibu hutibu sababu ya karibu.

Hili linatosha kumaliza ugomvi wa nyumba nyingi. Anayeamini kwamba mtoto kaguswa na jini halazimiki kuiacha imani yake ili akubali dawa.

Na sheria haipingani na hili. Ibn al-Qayyim katika Zad al-Ma'ad aligawa kifafa aina mbili, cha pepo wabaya na cha mwili ambacho matabibu hukizungumzia, na akaithibitisha kila moja. Katika Bukhari na Muslim kuna habari ya mwanamke aliyekuwa akianguka, akamwendea Mtume (S.A.W.) kuomba dua. Akapewa hiari ya kusubiri kwa ahadi ya Pepo au kuombewa apone, akachagua kusubiri, na akaomba tu aombewe asifunukwe anapoanguka. Hakutengwa wala hakulaumiwa. Kwa hiyo jibu langu kwa ndugu yetu ni ampeleke hospitali sasa, Sumbawanga hukohuko, na amsomee nyumbani kila usiku kwa Qur-ani na dua zilizothibiti. Asimpeleke kwa mganga apigaye ramli. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila ya kuanguka wakipata dawa zinazofaa, na baadhi ya dawa hizo, kama fenobabito, ni za bei ndogo. Ila zisikatizwe ghafla kwa sababu mtoto ameonekana mzima. Akianguka alazwe ubavu, asitiwe kijiko mdomoni, na asiachwe karibu na moto. Ufipa iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na msimu wa baridi familia huota moto jikoni. Kule Mahenge, mkoa wa Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway alipoanza kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuta wagonjwa wenye makovu ya moto ambao watu waliogopa kuwagusa wakidhani maradhi huambukiza kwa mate.

Jambo moja zaidi linalohusu nyanda hizo. Mikoa ya nyanda za juu kusini hufuga nguruwe, na mojawapo ya sababu za kifafa huko ni mnyoo tegu wa nguruwe. Muislamu husema hili halinihusu. Linamhusu. Anayekula nyama yenye vifuko vya tegu hupata mnyoo tumboni. Lakini mayai ya mnyoo huo hutoka na choo cha mtu huyo, huingia kwenye maji, mboga na mikono, na anayeyameza, hata kama hajaonja nguruwe maishani mwake, huweza kupata vifuko ndani ya ubongo. Basi maji yachemshwe, mboga zioshwe vizuri, na mikono isafishwe kwa sabuni. Na dawa ya minyoo kwa mwenye kifafa itolewe na daktari, kwani vifuko vikifa kwa ghafla ubongo unaweza kuvimba.

Tummalize mzee wetu. Shams ad-Dawla alipofariki, Ibn Sina alifungwa miezi minne katika ngome ya Fardajan, na humo pia aliandika. Alitoroka Hamadan amevaa nguo za masufi, yeye na ndugu yake na al-Juzjani na watumwa wawili, mpaka Isfahan kwa Ala ad-Dawla, aliyempa heshima. Wakati mmoja aliumwa na kichwa sana, akaagiza barafu nyingi ipondwe, ikafungwa kitambaani na kuwekwa kichwani mpaka akapona. Maulamaa hawakumuacha. Imam al-Ghazali katika Tahafut aliwahukumu yeye na wenziwe kwa mambo matatu: kusema ulimwengu ni wa kale, kusema Allah hajui vijambo kimoja kimoja, na kukanusha kufufuliwa viwiliwili. Hukumu hiyo tunaikubali. Lakini huyo huyo Imam, katika Ihya inayosomwa misikitini kwetu, alizitaja nguvu za ndani ya ubongo kwa mpango unaofanana sana na wa Ibn Sina. Alichuja, akaacha na akachukua.

Akiwa safarini na Ala ad-Dawla alishikwa na msokoto wa tumbo. Kwa haraka ya kupona alijipiga bomba mara nane kwa siku moja, matumbo yakapata vidonda, kisha likamtokea lile alilolijua kutokana na vitabu vyake: akaanza kuanguka kifafa. Tabibu aliyemhudumia alizidisha dawa kuliko alivyoagizwa, na mtumishi mmoja aliyekuwa amemuibia akamtilia afyuni nyingi. Alipofika Hamadan alijua nguvu zimekwisha, akaacha kujitibu. Wanahistoria wanaeleza kwamba alikoga, akatubu, akatoa mali yake sadaka kwa masikini, akarudisha dhulma kwa wenyewe aliowajua, akawaacha huru watumwa wake, na akawa akikhitimu Qur-ani kila siku tatu. Alifariki Ijumaa katika Ramadhani ya mwaka 428 Hijria, sawa na 1037, umri wake miaka hamsini na nane kwa hesabu ya Hijria, na kaburi lake lipo Hamadan.

Wallahu A'lam.