Jaji Roy Bean: Buda Aliyegeuza Baa Kuwa Korti Hadi Maiti Ikapigwa Faini

Kama unapenda muvi za kaboi, huyu buda huenda mshapatana bila kujua. Walter Brennan alibeba Oscar kwa kumuigiza kwenye The Westerner ya 1940, kisha Paul Newman akamuigiza 1972. Muvi zimemfanya jaji wa kunyonga watu ovyo. Roy Bean mwenyewe wa Texas hakujulikana kunyonga mtu hata mmoja. Yeye alitaka ganji tu.

Alizaliwa Kentucky karibu mwaka wa 1825, na ujana wake wote ulikuwa wa kuhepa. Huko San Diego, ambako kaka yake Joshua aliwahi kuwa meya, Roy alitupwa ndani mwaka wa 1852 kwa kupigana risasi na jamaa mwingine. Akatoroka jela. Baadaye, inasemekana, aliua mtu kwa sababu ya manzi, na marafiki wa marehemu wakamtundika kwa kamba. Manzi ndiye aliyekuja kuikata kabla roho haijatoka. Shingo yake ilibaki ngumu hadi uzeeni.

Na vita? Wamarekani walipoanza kumalizana wenyewe kwa wenyewe 1861, alikuwa New Mexico akiuza pombe na kaka yake mwingine, Sam. Mwaka uliofuata jeshi la Kusini, lile lililotetea utumwa, lilichapwa huko na kurudi Texas. Roy akajiunga na msafara, na watu wanasema alitoka na doo za Sam. Vita iliyobaki aliimaliza akipenyeza pamba hadi mpaka wa Mexico ili iuzwe kwa meli za Waingereza. Kwa hivyo ukisikia ni mkongwe wa vita, jua ni mkongwe wa aina hiyo.

Alioa San Antonio, akapata watoto wanne, akauza maziwa yaliyojaa maji, kisha 1882 akaacha familia na kufuata wajenzi wa reli na hema lake la pombe. Hapo ndipo bahati ilimwangukia. Korti ya karibu ilikuwa Fort Stockton, kama kilomita 320, na askari wa Texas Rangers walichoka kupeleka washukiwa huko. Tarehe 2 Agosti 1882 Roy akateuliwa kuwa hakimu wa kesi ndogo ndogo. Shule ya sheria? Zii. Alikuwa na kitabu kimoja cha sheria za Texas cha 1879.

Akatulia kijiji cha Langtry, baa ikawa korti. Wazee wa kuamua kesi walikuwa wateja wake, na kesi ikisimama kidogo walitarajiwa kununua kinywaji. Jela hakuwa nayo, kwa hivyo karibu kila kosa lilikuwa faini, na faini ziliingia mfukoni mwake. Abiria wa treni wakishuka kunywa, alichelewesha chenji makusudi. Ukilalamika, anakupiga faini ya kiasi hicho hicho! Kuna maiti iliyopatikana na bastola na dola 40. Akaitoza dola 40 kwa kubeba silaha.

Mpaka hapo unacheka, sivyo? Cheki hii. Kisa kinachosimuliwa sana ni cha Paddy O'Rourke, fundi wa reli kutoka Ireland aliyeua mfanyakazi Mchina. Mbogi ya Waireland ikazingira baa. Roy akafungua kile kitabu, akasema hapati popote palipokataza kuua Mchina, akamwachilia. Watu husimulia hii kama joki. Lakini angalia: aliyeua ana jina, aliyeuawa anaitwa tu Mchina. Mwenye dola 40 alipigwa faini akiwa amekufa, na huyu akafa bure.

Kura zilimwangusha mara kadhaa na bado alirudi. Mwaka wa 1896, ngumi za kulipwa zikiwa haramu Texas na Mexico pia, aliandaa pambano la Fitzsimmons na Maher kwenye kisiwa cha mchanga katikati ya mto Rio Grande. Rangers walitazama tu kutoka ng'ambo. Fitzsimmons alimaliza kazi kwa sekunde 95. Bia iliuzwa balaa.

Udhaifu wake ulikuwa mmoja, mwigizaji Lillie Langtry wa Uingereza. Alimpenda kwa picha tu, akaita baa Jersey Lilly na kudai kijiji kilipewa jina lake, ingawa lilikuwa la injinia wa reli. Alimwandikia barua nyingi. Roy alifariki Machi 16, 1903. Lillie alishuka kwenye treni pale Langtry miezi kama kumi baadaye. Wenyeji wakampa bastola ya marehemu, akapanda treni akaenda zake.