Denys Finch Hatton: Rubani aliyeangukia Voi na fumbo la ndege yake

ASUBUHI ya Mei 14, 1931, ndege ndogo ilipaa kutoka uwanja wa Voi ikielekea Nairobi. Wakati huo Voi haikuwa zaidi ya stesheni ya reli, maduka machache na nyumba za maofisa wa serikali ya kikoloni, mlima wa Sagalla ukiwa upande mmoja na nyika ya Tsavo upande wa pili. Inasimuliwa kwamba ndege hiyo ilizunguka juu ya uwanja mara mbili, kisha ikaporomoka na kuwaka moto. Waliokimbilia pale hawakuweza kuukaribia moto ule.

Ndani yake walikuwamo watu wawili. Mmoja alikuwa Denys Finch Hatton, mwindaji na rubani wa Kiingereza aliyekuwa na umri wa miaka 44. Wa pili alikuwa Kamau, mtumishi wake Mkikuyu, ambaye vitabu vingi vilivyoandikwa kuhusu mkasa huo vimempa jina moja tu na mistari michache.

Finch Hatton alizaliwa London Aprili 24, 1887, katika ukoo wa mabwanyenye. Baba yake alikuwa na cheo cha Earl wa Winchilsea, lakini kwa kuwa Denys hakuwa mwana wa kwanza, cheo na mali havikumwangukia yeye. Alisoma Eton na baadaye Chuo Kikuu cha Oxford, ambako alijulikana zaidi kwa michezo na ucheshi kuliko kwa vitabu. Mwaka 1911 alifika katika nchi iliyoitwa wakati huo British East Africa, akanunua ardhi, akajaribu biashara, na hakutulia katika lolote.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914 alijiunga na kikosi cha rafiki yake Berkeley Cole, kilichokuwa na askari wengi Wasomali, na baadaye akawa msaidizi wa Jenerali Hoskins. Alitunukiwa nishani ya Military Cross. Ni vita hivyo hivyo vilivyoigeuza Voi kuwa kambi kubwa ya jeshi, kwa sababu mwaka 1915 Waingereza walianza kujenga reli kutoka hapo kupitia Maktau kuelekea Taveta, iliyokuwa imetekwa na Wajerumani.

Mwaka 1918 alikutana Nairobi na Karen Blixen, Mdenmaki aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong. Uhusiano wao ndio uliolifanya jina la Finch Hatton lijulikane duniani, kwanza kupitia kitabu cha Blixen, Out of Africa, kilichochapishwa mwaka 1937, na kisha kupitia filamu ya mwaka 1985 ambamo mwigizaji Robert Redford alichukua nafasi yake. Filamu ile ilimfanya mpenzi mtulivu wa jioni na gramafoni. Huenda haikumtendea haki kamili, kwani alikuwa pia mtu wa kazi na mwenye ubishi wake.

Kazi yake ilikuwa kuongoza safari za uwindaji. Mwaka 1928, na tena mwaka 1930, alimwongoza Mwanamfalme Edward wa Uingereza. Katika miaka hiyo hiyo aliandika katika gazeti la The Times la London akilaani mtindo wa wageni waliokuwa wakiwafyatulia simba risasi huko Serengeti wakiwa wameketi ndani ya magari. Kwake, mashine ilikuwa imempa mwindaji nguvu isiyo ya haki juu ya mnyama. Hata hivyo, ni mtu huyo huyo aliyeamua kutumia ndege kutafuta ndovu.

Ndege yenyewe ilikuwa de Havilland Gipsy Moth yenye usajili G-ABAK, aliyoinunua Uingereza na kuileta Kenya mwaka 1930. Asili ya injini yake inastahili kuelezwa. Moth ya kwanza, iliyoruka mwaka 1925, ilitumia injini ya Cirrus. Mhandisi Frank Halford aliiunda kwa kuchukua nusu ya injini kubwa ya Renault ya silinda nane, ambayo ilikuwa imebaki kwa wingi baada ya vita. Mabaki hayo yalipoanza kuadimika, Geoffrey de Havilland alimwomba Halford abuni injini mpya. Hivyo Moth, ambayo muundo wake ulikuwa ule ule kwa sehemu kubwa, ikabadilishiwa moyo na kupewa injini ya Gipsy yenye silinda nne na nguvu za farasi zipatazo 100.

Injini hiyo ilikuwa sahili, na usahili huo ndio uliowavutia marubani wa Afrika Mashariki walioruka mbali na karakana. Petroli haikusukumwa na pampu. Tangi lilikuwa katikati ya bawa la juu, na mafuta yalishuka yenyewe kwa uzito wake hadi kwenye kabureta. Umeme wa kuwasha mafuta haukutoka katika betri. Ulitoka katika magneto mbili, vifaa vinavyozalisha umeme vikizungushwa na injini yenyewe. Kila silinda ilikuwa na plagi mbili, na kila magneto ilihudumia plagi moja kati ya hizo. Kabla ya kuruka, rubani alizima magneto moja, akasikiliza, akaiwasha, kisha akazima ya pili. Mzunguko ukishuka kidogo tu, yote yalikuwa sawa. Ukishuka sana, alijua upande wenye hitilafu.

Fundi yeyote wa Voi aliyewahi kutengeneza gari kuukuu la kabureta anaifahamu mantiki hiyo. Injini inayokosa mafuta kwa kawaida hukohoa kwanza, hupoteza nguvu, pengine ikazinduka kabla ya kufa. Iliyokatikiwa umeme hunyamaza ghafla, kana kwamba mtu amezungusha ufunguo. Katika nyika, adui wa kwanza alikuwa maji na vumbi ndani ya petroli, ambayo ilibebwa kwa madebe na ilipaswa kuchujwa kwa ngozi laini kabla ya kumiminwa tangini. Tone la maji au chembe ya uchafu katika tundu jembamba la kabureta ilitosha kuinyamazisha injini. Kwa upande wa umeme, kuwa na magneto mbili kulipunguza hatari, kwani moja ikifa nyingine huendelea.

Hilo linarudisha macho kwenye safari ya mwisho. Waandishi wa maisha yake husimulia kwamba Finch Hatton aliruka kwanza hadi pwani, karibu na Takaungu alikokuwa na nyumba, na kwamba alipotua huko kipande cha jiwe la matumbawe kiliharibu rafadha, yaani pangaboi la mbele ya ndege. Akapeleka ujumbe Nairobi kwa rubani Tom Campbell Black, naye akamtumia nyingine. Ilipofungwa, Finch Hatton na Kamau waliruka hadi Voi, wakatafuta makundi ya ndovu kutoka angani, na wakalala huko kwa ofisa wa serikali.

Rubani Beryl Markham, aliyekuwa karibu naye sana katika miezi hiyo ya mwisho, alikuwa amealikwa katika safari hiyo. Aliandika baadaye kwamba Campbell Black ndiye aliyemshawishi asiende.

Je, ni rafadha mpya iliyotikisika? Ni petroli chafu? Ni kitu kilichokatika katika nyaya za usukani? Au ni kosa la sekunde chache? Ndege iliyo juu sana injini ikizimika huweza kuelea na kutafuta mahali pa kutua, na Moth ilikuwa nyepesi. Lakini ndege iliyo chini, ikiwa imeinama kwenye kona, haina nafasi hiyo. Rubani akivuta pua juu ili kurefusha mwendo, mabawa hupoteza upepo na ndege hudondoka kama jiwe. Joto la nyanda za chini za Taita nalo hupunguza uzito wa hewa, na kuyanyima mabawa na injini sehemu ya nguvu zao.

Maelezo hayo yote yanawezekana, na hakuna hata moja lililothibitishwa. Fundi anayetafuta hitilafu huanza kwa kufungua kabureta aone kama kuna maji, kisha huchomoa plagi aangalie rangi yake. Pale Voi moto ulikuwa umefika kwanza. Inasimuliwa kwamba kitu kilichotambulika kutoka katika mabaki kilikuwa machungwa machache yaliyoungua, zawadi ambayo wasafiri hao walipewa na wenyeji wao asubuhi hiyo.

Mwili wa Finch Hatton ulisafirishwa kwa treni na kuzikwa siku iliyofuata katika vilima vya Ngong, mahali alipokuwa amepachagua pamoja na Blixen. Miezi michache baadaye Blixen, ambaye shamba lake lilikuwa limeshauzwa, aliondoka Kenya na hakurudi tena hadi alipofariki mwaka 1962. Ndugu wa Finch Hatton alijenga mnara juu ya kaburi, na wageni waliotazama ile filamu hufika kuupiga picha. Huko Tsavo Magharibi kuna kambi ya kitalii yenye jina la Finch Hatton. Kamau, aliyekuwa kwenye kiti cha pili asubuhi ile, hana kambi iliyopewa jina lake.