Louis Braille: mtoto wa fundi ngozi aliyewafanya vipofu wajisomee wenyewe

Ukiwa Muscat, Doha au London, halafu mama kule nyumbani akakwambia kwamba siku hizi ujumbe wako anasomewa na mjukuu kwa sababu macho yamechoka, ujue tatizo si macho tu. Mazungumzo ya mama na mwanawe yameshapata mtu wa tatu. Kuna kijana mmoja wa Kifaransa aliyehangaika na jambo hilo hilo karibu miaka 200 iliyopita, kabla ya simu na kompyuta, na yeye mwenyewe alikuwa haoni.

Louis Braille alizaliwa Januari 4, 1809 katika kijiji cha Coupvray, mashariki ya Paris. Baba yake, Simon-René, alikuwa fundi wa ngozi, akitengeneza matandiko na hatamu za farasi. Louis alipokuwa na miaka 3 aliingia karakana ya baba yake akachezea msharasi, kile chuma chenye ncha kali cha kutobolea ngozi. Kikamponyoka, kikamchoma jichoni. Zama zile hakukuwa na dawa ya kuzuia maambukizi, basi ugonjwa ukahamia jicho la pili. Alipofika miaka 5 alikuwa haoni kabisa.

Mtoto kipofu wa kijijini, Ulaya ya wakati ule, mara nyingi mwisho wake ulikuwa kuombaomba. Wazee wake hawakukubali. Padri wa kijiji alimfundisha, kisha akapelekwa skuli ya kijiji pamoja na watoto wanaoona, akisoma kwa kusikiliza tu. Akili alikuwa nayo. Mwaka 1819, akiwa na miaka 10, akapata nafasi katika taasisi ya kifalme ya vijana wasioona mjini Paris, iliyoanzishwa na Valentin Haüy.

Jengo lilikuwa kuukuu na lenye unyevunyevu, na wengi wanaamini ndipo kifua chake kilipoanza kuharibika. Lakini kilichomsumbua Louis zaidi ni vitabu. Haüy alikuwa ametengeneza vitabu vyenye herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi ili mtu azipapase. Wazo zuri, ila herufi zilikuwa kubwa, vitabu vizito na vichache mno, na msomaji akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo wake. Kubwa zaidi, kipofu hakuweza kuandika kwa njia ile. Zilikuwa herufi zilizobuniwa na watu wanaoona, zikawapendeza wanaoona.

Mwaka 1821 taasisi ililetewa mfumo wa Charles Barbier, ofisa mstaafu wa mizinga. Yeye aliacha herufi kabisa akatumia nukta zilizoinuliwa, hadi 12 kwa alama moja, na kila alama ilisimamia sauti. Vijana walizipenda nukta, kwani kidole kinaitambua nukta haraka kuliko mstari. Ila 12 ni nyingi, kidole hakiwezi kuzishika zote kwa mguso mmoja. Tena hakukuwa na vituo wala tahajia sahihi. Louis, bado mtoto, akaona kasoro zile na akaanza kupunguza.

Kufika 1824, akiwa na miaka 15, alikuwa ameshapata jibu: nukta 6 tu, safu mbili za nukta tatu tatu, zinazoenea chini ya ncha ya kidole kimoja. Ukizipanga namna mbalimbali unapata alama 63. Herufi 10 za mwanzo zinatumia nukta 4 za juu. Kumi zinazofuata ni zile zile zikiongezwa nukta moja ya chini. Kwa hiyo ukishazijua 10 umeshakwenda mbali. Herufi W hakuiweka kwenye mpangilio wake kwa sababu Kifaransa hakikuihitaji, ikaja kuongezwa baadaye. Bahati yetu iliongezwa, maana Kiswahili bila W ni mtihani.

Mfumo wenyewe aliuchapisha mwaka 1829, na la kuchekesha, kitabu kile kilichapwa kwa herufi zilizoinuliwa za Haüy. Akaurekebisha mwaka 1837. Huku nyuma akawa mwalimu pale pale taasisini, na mpiga kinanda wa kanisani mwenye sifa zake mjini Paris. Nukta zake alizipangia na muziki pia.

Kuna sehemu ya maisha yake ambayo wengi hawaijui, na kwa maoni yangu ndiyo inayotuhusu sisi tunaoishi mbali na kwetu. Nukta 6 ziliwawezesha vipofu kuandikiana wao kwa wao, lakini mwanafunzi aliyetaka kumwandikia mama yake kijijini alikuwa bado anahitaji mtu wa kumwandikia. Mama hakuzijua nukta. Mwaka 1839 Braille akatoa njia nyingine, ya kuchora herufi za kawaida kwa kutumia nukta zilizopimwa kwenye vipimo maalumu. Mwenye macho akizitazama, anaona A au B kama kawaida. Kazi ilikuwa ya polepole, na hapo akaingia Pierre-François-Victor Foucault, kipofu mwenzake na fundi hodari. Mwaka 1841 alitengeneza mashine ya vibonyezo 10 iliyopiga nukta hizo haraka karatasini. Wale mliowahi kutumia printa za zamani za ofisini, zile za kelele zilizokuwa zikijenga kila herufi kwa vinukta, wazo ni lile lile, miaka mingi kabla ya kompyuta.

Wakubwa hawakumfurahia. Mwaka 1840 mkurugenzi aliyekuwa akimuunga mkono aliondolewa, na mwenzake Dufau akapiga marufuku nukta, kwa hoja kwamba zinawatenga vipofu na watu wengine. Wanafunzi waliendelea nazo kwa siri. Mtu akishaonja kujisomea mwenyewe, utamrudisha vipi nyuma? Mwaka 1844 taasisi ilipozindua jengo lake jipya, nukta zilionyeshwa hadharani mbele ya wageni, na msaidizi wa mkurugenzi, Joseph Guadet, akasimama kuzitetea. Marufuku ikafa.

Leo nukta hizo ziko ndani ya kompyuta. Kuna kifaa kinachowekwa mbele ya kibodi, chenye vijipini vinavyopanda na kushuka kufuata maneno yaliyo kwenye skrini, na msomaji anayapitia kwa vidole. Kompyuta imeongeza nukta mbili, zikawa 8. Hata simu za iPhone na Android zina sehemu ya kuandika nukta nundu kwa vidole 6 juu ya kioo. Ila mzee aliyepoteza macho ukubwani kwa sukari asilazimishwe kuanzia hapo, kwani sukari huua hisia za vidole pia. Kwake anza na kukuza herufi, na ujaribu maandishi meupe juu ya weusi. Kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha, skrini yote inakua. Vikishindikana hivyo, iwashe sauti ya kusoma skrini, VoiceOver kwa iPhone au TalkBack kwa Android. Na muulize mwenyewe lipi linamfaa, usimchagulie wewe kwa macho yako.

Braille hakuyaona matunda. Kifua kikuu kilimdhoofisha kwa miaka mingi hadi akapunguziwa vipindi vya kufundisha. Alifariki Paris Januari 6, 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43, hakuoa wala hakuacha mtoto. Taasisi yake ilizikubali rasmi nukta zake mwaka 1854, miaka miwili baadaye. Mwaka 1878 mkutano wa kimataifa mjini Paris ukauchagua mfumo wake.

Alizikwa kwao Coupvray. Ilipotimia miaka 100, mwaka 1952, Ufaransa iliuhamisha mwili wake kwenda Panthéon, wanakolazwa mashujaa wa taifa. Mikono yake haikwenda. Ilibaki kijijini, ndani ya chombo kilichowekwa juu ya kaburi lake la mwanzo.