Muyaka bin Haji na Mshororo wa Tano

Mwaka huu nilipewa kazi ya kuandika maisha ya mtu mashuhuri wa Mombasa, nami bila kusita nikamchagua Muyaka bin Haji al-Ghassaniy. Wenzangu chamani walinicheka. Ati Muyaka keshaandikwa mpaka wino umekwisha! Ni kweli, lakini mimi nina sababu yangu, nayo ni deni. Nitalieleza nikifika mahali pake.

Muyaka alizaliwa Mombasa yapata mwaka wa 1776. Siku zile mji wenyewe ulikuwa ni huu tuuitao leo Mji wa Kale, na watawala walikuwa Wamazrui waliokaa Ngomeni. Muyaka hakuwa mtu wa kujifungia ndani na vitabu. Alikuwa mfanyabiashara mwenye kusafiri baharini, leo ana mali kesho hana, na ukimsoma utayaona hayo yote: mapenzi, njaa, wivu, mambo ya nyumbani, vyombo na tufani. Tungo nyingi za zamani zilizohifadhiwa kwa maandishi zilikuwa za dini. Yeye akalishika shairi la mishororo minne, mizani kumi na sita kila mshororo, nane kwa nane, akaliteremsha sokoni na barazani. Wapo waliolitunga kabla yake, siwanyimi haki yao, lakini aliyelifanya likapendwa na kila mtu Mvita ni yeye.

Na siasa je? Hapo ndipo moto wenyewe. Yapata mwaka wa 1812 Mombasa na Pate ziliivamia Lamu, zikapigwa vibaya pwani ya Shela. Baada ya hapo Lamu ikakimbilia kwa Seyyid Said wa Oman, na Muyaka akawa ulimi wa Mombasa. Washairi wa Lamu, kama Zahidi Mngumi, wakirusha shairi, na yeye hurusha lake. Alisimama na Wamazrui tangu mwanzo. Aliiona bendera ya Waingereza ikipandishwa mwaka 1824 na kuteremshwa 1826, akaona na mashambulizi ya Seyyid Said, mpaka mwaka 1837 mji ukachukuliwa, wakuu wa Kimazrui wakakamatwa na kusafirishwa mbali. Muyaka alifariki mwaka 1840. Miaka mitatu hiyo ya mwisho mimi huifikiria sana: mtu aliyekuwa sauti ya watawala, na watawala wenyewe hawapo.

Sasa sikiliza. Muyaka hakuacha diwani iliyochapishwa. Mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu kwa miaka na miaka, na kinywa kina tabia yake, kinaweka na kinaacha. Aliyeyaokoa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, Mswahili wa Mombasa aliyefariki mwaka 1890. Aliyakusanya kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akayaandika kwa herufi za Kiarabu. Alishirikiana na mmishenari Mwingereza, William Taylor, ambaye karatasi zake zimo katika maktaba ya SOAS huko London. Mwaka 1940, miaka mia kamili tangu kifo cha Muyaka, William Hichens akaitoa Diwani ya Muyaka kule Johannesburg, kwa herufi za Kirumi. Mwaka 1979 Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz akachapisha utafiti wake mkubwa juu ya mshairi huyu.

Kuhamisha huko si mchezo. Katika maandishi ya kale ya Kiarabu alama moja, kasra, ilisimama mahali pa i na pa e pia. Neno mbili na neno mbele hufanana, na asiyeijua lugha atakwama. Ukija kwa herufi za Kirumi, irabu zinakaa sawa, lakini t mbili za Kimvita, ile ya meno na ile ya ufizi, katika tahajia ya kawaida zinakuwa t moja tu. Kila chombo kina nafasi zake, na kisichopata nafasi hubaki ufuoni.

Hapa ndipo deni langu. Sisi vijana tuliamua kuyaingiza mashairi kwenye kompyuta. Tulitumia XML, yaani maandishi yaliyotiwa lebo: hapa shairi linaanza, hapa ubeti, hapa mshororo, hapa jina la mtunzi. Wazee wetu walifanya karibu vivyo hivyo, kwani katika miswada mingi ya pwani utaona alama ndogo zikitenga kipande na kipande. Kisha nikaandika programu kwa Python ya kuzisoma lebo hizo na kuzigeuza kuwa objekti, yaani kila ubeti unakuwa kitu kimoja chenye vyumba vyake, ili uweze kukiuliza mizani ngapi, vina gani. Nami kwa kumzoea Muyaka nikakipa kila ubeti vyumba vinne.

Mambo ya Muyaka yalikwenda sawa kabisa. Halafu nikaingiza takhmisa ya mzee mmoja jirani yetu Kibokoni, beti tisa, mishororo mitano mitano. Programu haikulalamika. Ilijaza vyumba vinne, wa tano ikautupa kimyakimya, na mimi nikaihifadhi kazi mpya juu ya faili la zamani. Karatasi nilishamrudishia mwenyewe. Nilipogundua, mzee alikuwa amefariki na karatasi haionekani. Na katika ubeti ule mshororo wa tano ndio uliobeba kina cha bahari!

Nilikwenda kwa bintiye mkubwa, shangazi yetu wa mtaani, nikamweleza kosa langu. Hakunigombeza. Alinikalisha kitako, akaanza kukariri huku mimi naandika, kwa kalamu safari hii. Alikumbuka mishororo sita. Vyumba nimevifanya orodha isiyo na kikomo, na pale pasipo na neno nimetia lebo ya pengo, kwa kuwa mwongozo wa TEI wanaoutumia wataalamu wa miswada una lebo hiyo hasa. Mapengo ni matatu, ubeti wa pili, wa tano na wa nane. Shangazi amesema atamuuliza nduguye akija Idi.